Lebo ya Ua la Usambara Isomwe Tanga

Hebaria ya Kew, jijini London, ni ghala la mimea iliyokaushwa lenye sampuli zaidi ya milioni 7. Mwaka 1884 ilipokea kutoka kwa Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja, mmea mdogo wenye majani manene ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani. Mwaka 1887 ikapokea mwingine wa namna hiyo hiyo kutoka kwa Mchungaji W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa. Sampuli zote mbili zilikuwa hafifu mno, wataalamu wa Kew wakashindwa kuueleza mmea huo kisayansi, na karatasi zikawekwa kabatini.

Miaka michache baadaye, mnamo 1892, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliukuta mmea huo huo na kumpelekea baba yake mbegu. Baba akazikabidhi kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover. Wendland aliziotesha, mimea ikachanua, na mwaka 1893 akautangaza mmea kwa jina la Saintpaulia ionantha. Leo ua hilo limezalishwa kwa maelfu ya aina na linakaa madirishani kwa watu Ulaya, Marekani na Japani. Wengi wanaolimwagilia maji kila wiki hawajui kwamba asili yake ni majabali yenye kivuli ya Usambara na ya pwani ya Tanga na Kenya.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya bahati: wawili walichelewa, mmoja akawahi. Mimi kinanishughulisha kwa sababu nyingine. Taylor aliyepeleka ule mmea Kew ndiye Taylor yule yule anayejulikana na kila msomaji wa ushairi wa Kiswahili, aliyekusanya tungo za mshairi Muyaka bin Haji na aliyechapisha mwaka 1891 mkusanyiko mkubwa wa methali za Waswahili. Na Saint Paul-Illaire naye alitoa mwaka 1890, kwa ajili ya wanafunzi wa chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin, kitabu cha kufundishia Kiswahili. Kwa hiyo ua hili lilipita mikononi mwa wageni wawili walioijua lugha yetu vizuri kuliko wageni karibu wote wa zama zao. Walikuwa na uwezo wa kuuliza kwa Kiswahili na kuelewa walichojibiwa. Mtu fulani aliwaonyesha njia, akawaambia mmea unaota wapi, pengine akawaeleza wenyeji wanaufanyia nini. Mtu huyo ni nani?

Kwa upande wa mashairi tunalo jibu. Taylor alifanya kazi na Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa. Jina la mwalimu huyo limehifadhiwa pamoja na miswada, na William Hichens alipochapisha diwani ya Muyaka mwaka 1940 alitegemea kazi ya wawili hao. Kwa upande wa ua, masimulizi yanamtaja Taylor peke yake. Msomi yule yule, katika miaka ile ile, na kwa lugha ile ile, amewekwa kwenye kumbukumbu pamoja na mwenzake katika fani moja na bila mwenzake katika nyingine. Ninaamini kazi ya kuandika upya taarifa za sampuli hizi za kale, karatasi kwa karatasi, inapaswa kufanyika hapa Afrika Mashariki na kufanywa na watu wa hapa. Sababu zangu nyingi zimo ndani ya hizo karatasi zenyewe.

Sampuli ya mmea hutengenezwa kwa vifaa vya kawaida sana. Mkusanyaji huchuma tawi au mmea mzima pamoja na mizizi, akautandaza ndani ya gazeti, akauweka katikati ya mbao mbili na kuzikaza kwa kamba au mikanda. Hubadilisha magazeti kila siku mpaka mmea ukauke. Kisha hubandikwa au kushonwa kwenye karatasi nene yenye urefu wa takriban sentimita 42. Pembeni huwekwa bahasha ndogo ya mbegu na vipande vilivyodondoka, na kwenye kona ya chini hubandikwa lebo: jina la mmea, mahali, tarehe, mwinuko, jina la mkusanyaji na namba yake. Ukiwekwa pakavu na kulindwa dhidi ya wadudu, mmea huo hudumu karne na karne. Zamani walinzi wake walitumia dawa yenye zebaki kuua wadudu, na sumu hiyo bado imo katika karatasi nyingi za karne ya 19, ndiyo maana anayezishika leo anatakiwa kuvaa glovu na kufanya kazi mahali penye hewa. Siku hizi sampuli mpya hugandishwa kwenye friza kwa siku kadhaa kabla ya kuingizwa kabatini.

Ua la Usambara ni gumu kulikausha. Majani yake yana maji mengi, na katika unyevunyevu wa mwambao wetu mmea kama huo huoza au kukunjamana kabla haujakauka, kwa hiyo sishangai kwamba sampuli za Kirk na Taylor zilifika zikiwa hafifu. Hata likikauka vizuri, kuna mambo ambayo halibaki nayo. Urujuani wake hupauka na kuelekea kwenye kahawia. Jiwe ilipoota mizizi yake halimo kwenye karatasi, wala kivuli, wala maji yanayochuruzika kandokando yake. Mambo hayo hubaki pale tu mkusanyaji alipoyaandika. Ua lililokaushwa bila lebo ni jani kavu tu, hata likiwa zuri namna gani. Ndiyo maana watu wa kazi hii huthamini lebo sawa na mmea wenyewe, na mimi naafiki.

Kanuni ya kwanza ya kuandika taarifa za sampuli ya kale ni kunakili lebo herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake. Ukikuta mkusanyaji ameandika jina la kijiji vibaya, unaliacha hivyo hivyo, na tafsiri yako unaiweka kwenye sehemu nyingine ya rekodi, ukitia jina lako na tarehe. Kanuni hii ina sababu. Kosa la mkusanyaji ni ushahidi wa alichosikia. Masahihisho yako yanaweza kuwa kosa jipya, na atakayekuja nyuma yako hatakuwa na njia ya kujua kipi kilitoka kwenye wino wa zamani na kipi kimetoka kwako.

Hapo ndipo mwenyeji anapohitajika. Wakusanyaji wa Kijerumani wa miaka ya 1890 waliandika majina ya Usambara kwa tahajia yao. Kwenye lebo za Carl Holst, aliyekusanya mimea mingi sana katika milima hiyo, utakuta „Mascheua“ na „Nderema“. Mtu aliyeketi Berlin au London na ramani mbele yake anaweza kuhangaika siku nzima. Mwanafunzi wa sekondari kutoka Korogwe akiisoma ile ya kwanza kwa sauti ataitambua Mashewa papo hapo. Na kijiji kikiwa kimehama, shamba la mkonge limebadilishwa jina mara tatu, au mto unaitwa jina moja juu mlimani na jingine tambarare, hakuna ramani itakayomsaidia mgeni. Wazee wa Muheza na Bumbuli wanayajua hayo, na umri wao unatukimbiza.

Chukua mfano wa lile ua lenyewe. Taarifa za Saint Paul-Illaire zilizochapishwa wakati ule zilitaja mahali pawili. Pa kwanza palikuwa mwendo wa saa moja kutoka Tanga, kwenye nyufa za mawe ya chokaa na kwenye udongo wenye mboji, futi 50 hadi 150 tu juu ya usawa wa bahari. Pa pili palikuwa ndani ya msitu wa Usambara, kwenye miamba ya aina nyingine kabisa, futi 2,500 juu. Kwa mtaalamu wa mimea hiyo ni habari kubwa: mmea mmoja, au mimea miwili inayofanana, katika mazingira yanayotofautiana hivyo. Baadaye ilikuja kuonekana kwamba maua yaliyooteshwa Ujerumani hayakuwa ya aina moja. Lakini rekodi inasema „mwendo wa saa moja“. Kwa miguu? Juu ya punda? Kwa mashua kupita mikoko mpaka mdomoni mwa mto? Kuanzia bomani au kuanzia nyumbani kwake?

Mtu wa Tanga ana pa kuanzia. Anajua chokaa iko wapi: Amboni kwenye mapango, bonde la Mkulumuzi, kingo za Mto Sigi. Anajua wapi pamechimbwa kwa ajili ya chokaa na saruji, na wapi bado pana miti. Anaweza kutembea saa moja kuelekea kila jiwe la chokaa na kutazama ni wapi mwinuko unakubali futi 50 hadi 150. Hata akiliona ua, hana ruhusa ya kuandika „Amboni“ juu ya maneno ya zamani. Ataandika pembeni kwamba huenda ni Amboni, kwa sababu hizi na hizi, na atachora kwenye ramani duara la shaka yake. Kwa wanaoifanya kazi hii, duara hilo lina thamani kuliko nukta moja yenye uhakika wa uongo.

Jambo jingine linaloonekana kwenye karatasi za kale ni majina yaliyorundikana. Kila mtaalamu anayeipitia sampuli na kuona jina lake la kisayansi linapaswa kubadilika hubandika kikaratasi kipya chenye jina alilolikubali, jina lake mwenyewe na mwaka. Cha zamani hakibanduliwi. Saintpaulia imepitia mengi ya namna hiyo. B. L. Burtt wa Edinburgh, kati ya miaka ya 1940 na 1960, aliichambua akafikia karibu spishi 20, zikiwemo za milima ya Taita na za mawe ya Kilifi upande wa Kenya. Mwaka 2006 kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki kikazipunguza kuwa 6. Mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba wakaiunganisha jamii nzima na Streptocarpus, jina la ofisa wa Tanga likashuka daraja, likabaki la kundi dogo ndani ya jamii kubwa. Mabishano hayo yalitegemea pia sampuli zilizokaushwa. Atakayebishana nayo mwaka 2080 atahitaji karatasi zile zile, na vikaratasi vyote vikiwa juu yake.

Iwapo zitakuwepo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu ya vita yalichoma jengo la hebaria ya Berlin-Dahlem. Huko ndiko mtaalamu wa mimea Adolf Engler na wenzake walikokusanya mimea ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa zaidi ya miaka 30. Sampuli mama nyingi, yaani zile ambazo jina la spishi lilitolewa kwa kuzitazama, ziliteketea usiku huo. Kilichookoa sehemu ya elimu hiyo ni nakala: wakusanyaji walikuwa na desturi ya kuchuma matawi mawili matatu ya mmea mmoja na kuyagawa katika hebaria mbalimbali. Nani alipata nakala, na ipi ina lebo kamili zaidi, ni kazi ya upelelezi inayoendelea hadi leo. Pale Amani, katika Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, na hebaria yake ikakua mpaka utawala wa Waingereza ulipoihamishia Nairobi mwaka 1950. Ndiyo Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya leo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake, Lushoto ina yake ya misitu, Arusha ina ya taifa. Makabati tunayo. Kinachokosekana ni mikono ya kutosha ya kuyafungua.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, picha za sampuli mama za Afrika zimepigwa kwa maelfu na kuwekwa mtandaoni, Nairobi nayo ikishiriki. Kew walibuni skana iliyopinduliwa kichwa chini, ili karatasi inyanyuliwe kutoka chini bila kugeuzwa na kumwaga vipande vyake. Kazi nzuri kabisa, na nawashukuru walioifanya. Ila rekodi nyingi za kale zilizofuata picha hizo zina jina la mmea na jina la mkusanyaji, na kwenye nafasi ya mahali pameandikwa jina la nchi tu, au pameachwa wazi. Lebo imepigwa picha bila kusomwa. Wapo wanaosema picha zatosha, na wapo wanaotaka karatasi zenyewe zirudishwe. Mimi nadhani madai ya kurudishwa ni ya haki na yaendelee mezani pa serikali, lakini usomaji usingoje. Karatasi ya 1887 ikishapigwa picha inasomeka kwenye skrini Tanga sawa na Kew, na anayeielewa zaidi yuko Tanga.

Najua swali linalofuata. Nchi ina zahanati zisizo na dawa, nani atatoa fedha ya kusoma lebo za maua? Swali ni la haki na jibu langu ni hili. Hans-Joachim Schlieben, mkusanyaji wa Kijerumani, alichuma katika miaka ya 1930 kando ya Ziwa Lutamba, Lindi, tawi la mti wenye miiba shinani na maua mekundu. Ukaitwa Erythrina schliebenii. Msitu wa pale ukafyekwa, na mwaka 1998 mti ukaorodheshwa kuwa umetoweka duniani. Baadaye ulionekana upande wa Kilwa, ukapotea tena, na mwaka 2011 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatangaza kwamba wameukuta. Bila karatasi iliyokaushwa ya kulinganisha jani na ua, mti ule ungekatwa kuni na asingekuwepo wa kujua kilichokatwa. Anayepanga barabara, bwawa, mgodi au shamba kubwa analazimika kisheria kueleza kilichopo pale kabla ya kuanza, na hawezi kueleza asichokuwa na jina lake. Gharama ya vijana wachache wenye shahada ya botania, meza, taa na kompyuta ni ndogo mno mbele ya thamani hiyo.

Tahadhari moja naikubali bila ubishi. Mahali penye ua adimu pasitangazwe kwa usahihi wa mita kumi. Wapo wanaovizia mimea ya mwituni kwa ajili ya biashara, na ua la Usambara lina soko. Rekodi kamili ibaki kwa wahifadhi, kwa umma ionyeshwe kata au tarafa tu.

Nami naomba rekodi hizo ziandikwe pia kwa Kiswahili. Maneno ya lebo yabaki katika lugha yake, Kijerumani, Kilatini au Kiingereza, na chini yake pawe na maelezo ambayo mwalimu wa shule ya msingi Amani anaweza kuwasomea watoto: mmea huu ulichumwa mlima huu, mwaka huu, ukiwa na maua, juu ya jiwe la namna hii. P. J. Greenway, aliyekuwa mtaalamu wa mimea pale pale Amani, alijishughulisha kukusanya majina ya mimea kwa Kiswahili na lugha za wenyeji na kuyachapisha mwaka 1940. Kazi ile ingekuwa msingi mzuri wa kuanzia, na mengi yaliyomo yangepimwa upya na wazee wa leo kabla hatujachelewa.

Bado nabaki na yule mtu aliyemjibu Taylor, na yule aliyemwongoza mkuu wa wilaya. Huenda jina la kila mmoja wao limo katika barua, katika daftari la posho za wapagazi, au katika shajara iliyoko kwenye nyaraka za misheni. Anayeandika taarifa za sampuli apewe muda wa kupekua huko, na akilipata aliingize kwenye rekodi, kwenye nafasi yake yenyewe, kando ya jina la mkusanyaji. Asipolipata, aandike kwamba alikuwepo mwongozaji ambaye jina lake halikuhifadhiwa. Nafasi iliyoachwa hivyo itamkumbusha atakayepekua nyaraka baadaye kwamba kuna mtu wa kumtafuta.

Mambo yamekwisha kuanza kubadilika kwenye upande wa majina. Mwaka 2009 mti wa misitu ya pwani ya Tanzania ulipatiwa jamii mpya kabisa, Mwasumbia, kwa heshima ya Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekusanya sampuli kwa miongo kadhaa. Miongoni mwa walioitangaza walikuwemo Watanzania. Kwa wanaokwenda msituni sasa na mbao zao za kukandamizia, ningependa lebo iongezwe mstari mmoja, chini ya namba ya mkusanyaji: aliyetangulia na panga, kwa majina yake mawili na kijiji chake, akiwa ameridhia, na alichokisema kuhusu mmea huo kwa maneno yake mwenyewe.